Bei ni huru, lakini nani anaamua? Soko, taasisi na amani, tukitazama kutoka Yanonge



Kwa kawaida jarida letu linazungumza juu ya upatanisho: jinsi ya kuongoza mazungumzo kati ya vijiji viwili, jinsi ya kumsikiliza aliyefiwa, jinsi ya kuwapokea vijana waliotoka porini. Safari hii tunaomba mtuvumilie, maana tutazungumza juu ya uchumi. Katika vikao vingi tunavyoketi, ugomvi unaletwa mbele yetu kwa jina la kabila au la ukoo. Ukiuchimba kidogo unakuta chini yake kuna shamba, ushuru, kizuizi cha barabarani au gunia la muhogo. Na swali moja linarudi kila mara: kwa nini serikali na wafadhili wakipanga maendeleo wanaanza na bei, biashara na wawekezaji, na lile jambo la nani anaamua na nani anasuluhisha linaachwa mpaka mwisho, au halifikiwi kabisa?

Tutajaribu kulijibu tukiwa tumesimama mahali pamoja, maana uchumi ukizungumzwa angani haumsaidii mtu.

Siku ya soko Yanonge

Yanonge ni kituo cha biashara katika teritwari ya Isangi, jimbo la Tshopo, kando ya Mto Kongo, kama kilomita 60 chini ya Kisangani. Hapo bara na mto vinakutana. Watu wa mashambani wanaleta muhogo, mpunga, ndizi, mafuta ya mawese na makala. Watu wa mto, hasa Walokele, ambao tangu zamani wanajulikana kwa uvuvi na biashara ya mitumbwi, wanaleta samaki na bidhaa za mjini. Sehemu kubwa ya chakula hicho mwisho wake ni sufuria za Kisangani.

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Si mtu fulani, ni mfano tu, ingawa tunadhani wasomaji wetu wa Tshopo watamtambua. Ana magunia matatu ya muhogo mkavu. Mnunuzi anamkuta sokoni na wanapatana bei. Hapo kila kitu ni huru: hakuna mtumishi wa serikali anayempangia mama bei ya muhogo wake. Lakini gunia halipimwi kwa mizani. Linajazwa, linashindiliwa, kisha linaongezewa kichwa juu ya mdomo na kufungwa kwa kamba, na kichwa hicho hakilipiwi. Mama akikataa, mnunuzi anakwenda kwa mwingine. Akiamua kupeleka mzigo Kisangani mwenyewe, atakutana na barieri. Anayesimamia barieri anaweza kuwa na karatasi ya serikali mkononi, au asiwe nayo, na kiasi kinachodaiwa leo si lazima kiwe kile cha juzi. Risiti ni bahati. Na mama akiona ameonewa, amshtaki nani, na wapi, na nauli ya kwenda huko anaitoa wapi?

Mwenye fikra za soko huria akimtazama mama huyu atasema: tatizo ni kwamba biashara haijawa huru vya kutosha. Ondoeni ushuru usio wa lazima, leteni wanunuzi wengi zaidi washindane, tengenezeni barabara, na bei ya mama itapanda yenyewe. Si maneno ya kijinga. Mnunuzi wa pili akifika sokoni, yule wa kwanza anapunguza ukali, na kila mama wa Yanonge analijua hilo bila kufundishwa chuoni.

Mwenye mtazamo wa taasisi atauliza maswali mengine. Nani anaweka kipimo cha gunia? Nani ana haki ya kusimamisha mzigo barabarani, na nani anaweza kumwondoa akizidisha? Shamba la mama ni lake kwa kanuni gani, na kanuni hiyo inajulikana na nani zaidi ya ukoo wake? Hapa neno «taasisi» lisitupoteze. Halina maana ya jengo lenye bendera na bango. Taasisi ni kanuni ambazo watu wanazifuata kweli, zilizoandikwa na zisizoandikwa, pamoja na wale wenye nguvu ya kuzisimamia. Barieri isiyo halali, ikidumu miaka 10 na kila mtu akajua kiasi cha kutoa, nayo imekwisha kuwa taasisi. Ni mbaya, lakini ni taasisi.

Soko lenyewe pia ni taasisi. Hili linasahaulika sana. Magharibi ya nchi, kwa Wakongo, siku nne za juma lao la kale zilibeba majina ya masoko, na kuingia sokoni na silaha kulikatazwa vikali. Huku kwetu mtoni, mvuvi na mkulima ambao hawakuwa ndugu waliweza kubadilishana samaki na muhogo kwa sababu palikuwa na mahali palipokubaliwa, siku iliyokubaliwa na wazee wa kuamua. Makubaliano yalitangulia, bei ikafuata.

Kwa nini taasisi zilipata jina baya

Mtu asidhani kwamba fikra za soko zilishinda kwa hila tupu. Zilishinda kwa sababu kile kilichoitwa taasisi kiliwaumiza watu kwanza.

Dola Huru ya Kongo ya Leopold wa Pili, kuanzia 1885 hadi 1908, iliwalazimisha watu wa misitu hii kuleta mpira kwa mtutu wa bunduki. Serikali ya Kibelgiji iliyofuata ilitoa sheria mwaka 1917 iliyomlazimisha mwanakijiji kufanya kazi hadi siku 60 kwa mwaka kwenye mazao yaliyoamriwa, na asiyelima alipigwa faini au kufungwa. Hata mpango uliosifiwa sana, ule wa mashamba ya vitalu yaliyopimwa kwa mistari kati ya Waturumbu karibu na Yangambi miaka ya 1940, ulichorwa na wataalamu wa kituo cha utafiti cha INEAC. Mzee wa kijiji alionyeshwa mstari wake, hakuulizwa. Uhuru ulipofika mwaka 1960 na wasimamizi wakaondoka, mistari ikarudi kuwa msitu. Wako wanaosema kwamba wakulima walikuwa wavivu. Sisi tunasema kwamba kanuni isiyo na mwenyewe kijijini haina wa kuilinda.

Kisha ikaja Zaire. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yanapewa Wazaire. Mali nyingi zilikwenda kwa watu wa karibu na utawala. Maduka yaliuzwa yakabaki rafu tupu, malori yalikosa vipuri, na mkulima wa ndani akakosa wa kumnunulia. Miaka michache baadaye serikali ikaanza kuwarudishia wenyewe wa zamani. Wakati huo huo bei za mazao zilipangwa na wakubwa kutoka juu, chini ya ile ambayo mkulima angepata kwa kuvusha mzigo usiku.

Kwa hiyo Benki ya Dunia ilipochapisha mwaka 1981 ile ripoti inayojulikana kwa jina la mwandishi wake mkuu, Elliot Berg, ikisema kwamba Afrika inaumizwa na bei mbaya na mashirika ya serikali yanayomnyonya mkulima, watu wengi walioishi ndani ya mambo hayo waliona kwamba imesema kweli. Na ilikuwa imesema kweli, nusu yake. Mwaka 1983 Zaire, kwa makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, ilishusha thamani ya fedha yake kwa zaidi ya robo tatu na kuachilia bei nyingi. Ndiyo maana mama yetu wa Yanonge hapangiwi bei hadi leo.

Nusu iliyokosekana ilikuwa hii: baada ya mpanga bei mbaya kuondolewa, nani atapima gunia, nani atatunza barabara, nani atamzuia askari? Zaire ya miaka iliyofuata ilijibu kwa namna tunayoikumbuka sote: mishahara isiyolipwa, uporaji wa 1991 na 1993, na mfumuko wa bei uliofanya noti ya asubuhi isitoshe jioni. Asiyelipwa mshahara alijilipa barabarani. Barieri nyingi tunazolalamikia zilizaliwa hapo, na vita vya tangu 1998 vikazikuza. Kisangani iligeuzwa uwanja wa mapigano ya majeshi ya Rwanda na Uganda, yale ya siku sita ya Juni 2000 yakiwa mabaya kuliko yote, na njia ya mto kwenda Kinshasa ikakatwa na mstari wa vita.

Sheria nne kwa mwaka mmoja

Mwaka 2001 na 2002 nchi ilianza upya, na hapa ndipo jambo letu linaonekana wazi. Tuwe wakweli kwanza: marekebisho ya soko yalifanya kazi pale yalipotakiwa. Mei 2001 franka iliachwa itafute thamani yake yenyewe, na serikali ikaacha kuchapisha noti ovyo. Bei zilizokuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 500 mwaka 2000 zilipanda kwa chini ya asilimia 20 mwaka 2002. Aliyeuza muhogo Jumatatu aliweza kununua sabuni Ijumaa kwa fedha ile ile. Amani nayo inahitaji fedha inayoaminika.

Katika mwaka huo wa 2002 peke yake zilitoka sheria kubwa nne: ya uwekezaji mwezi wa pili, ya madini mwezi wa saba, ya misitu mwezi wa nane, na ya kazi mwezi wa kumi. Nchi ilikuwa bado imegawanyika. Makubaliano ya Pretoria ya kuunganisha pande zote yalisainiwa tarehe 17 Desemba mwaka huo. Yaani kanuni za kumkaribisha mwekezaji zilikamilika kabla ya makubaliano ya nani anatawala wapi.

Itazameni ile ya misitu, kwa sababu sisi wa Tshopo tunaishi ndani yake. Sheria ya tarehe 29 Agosti 2002 ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulihusu vibali vya makampuni ya mbao: namna ya kuviomba, kodi, muda. Upande mwingine, katika kifungu cha 22, uliahidi kwamba jamii ya kijiji inaweza kupewa msitu inaoumiliki kwa desturi. Upande wa makampuni ulianza kushughulikiwa mapema, na vibali vya zamani 156 vikapitiwa kimoja kimoja kwa msaada wa Benki ya Dunia. Upande wa jamii ulingoja amri ya utekelezaji, nayo ilitoka tarehe 2 Agosti 2014. Miaka 12! Mtoto aliyezaliwa siku ya sheria alikuwa amemaliza shule ya msingi.

Hatusemi hivi kwa chuki. Mwaka 2005 mashirika ya Wabambuti na watu wengine wa asili ya msituni yalipeleka malalamiko kwa Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia yenyewe. Ripoti ya mwaka 2007 ilikiri kwamba makadirio ya mapato ya mbao za kuuza nje yalikuwa makubwa kupita kiasi, na kwamba makadirio hayo yaliufanya mpango uelekee kwenye vibali vya ukataji, huku misitu ya jamii na matumizi mengine ya msitu yakisahauliwa. Isomeni tena sentensi hiyo. Tarakimu moja iliyokosewa iliamua ni upande gani wa sheria uanze kuishi.

Kwa nini upande mmoja hutangulia

Ukiweka kando maneno makubwa, sababu zake ni za kazi ya kila siku.

Jambo la soko linaandikika kama sharti. «Ondoeni bei iliyopangwa», «fungueni ununuzi kwa kila mfanyabiashara»: waziri anaweza kutia sahihi mchana mmoja, na mkopeshaji anaweza kuthibitisha kesho yake kabla ya kutoa sehemu ya pili ya mkopo. Sasa jaribuni kuandika sharti kwamba mama wa Yanonge aweze kumshtaki mtu wa barieri na kushinda. Tarehe ya mwisho ni ipi? Nani atakwenda kuthibitisha? Mradi ni wa miaka mitatu, na mkurugenzi atahamishwa baada ya miwili.

Kisha kuna hesabu. Mwaka 2003 Benki ya Dunia ilianza kutoa ripoti ya kila mwaka iliyopanga nchi kwa urahisi wa kufanya biashara. Kongo ilikaa karibu na mkia miaka mingi, na serikali ikahangaika kupanda ngazi. Mwaka 2012 iliingia rasmi katika jumuiya ya sheria za biashara ya OHADA, hatua yenye faida zake. Lakini ripoti ile ilipima kampuni rasmi ya mfano iliyoko katika mji mkuu wa biashara. Mtumbwi wa Yanonge haukuwamo. Benki iliisimamisha ripoti hiyo Septemba 2021, baada ya kugunduliwa kasoro katika takwimu zake. Kwa karibu miaka 20 nchi nzima zilikuwa zimejipanga kwa kipimo ambacho hakikuiona barieri hata moja ya mtoni.

Wataalamu wa taasisi nao wana sehemu yao ya lawama. Si kwamba hawakusikika. Douglass North, aliyeeleza kwamba kanuni za jamii ndizo zinazofanya mapatano yawe ghali au rahisi, alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1993. Elinor Ostrom, aliyechunguza jinsi wavuvi, wachungaji na wenye mifereji wanavyotunza mali ya pamoja bila kuiuza na bila kuikabidhi serikali, alipewa mwaka 2009. Hata Benki ya Dunia iliitoa ripoti yake kuu ya maendeleo ya mwaka 2002 kuhusu kujenga taasisi kwa ajili ya masoko. Lakini waziri akimuuliza Ostrom afanye nini Jumatatu asubuhi, jibu la kweli ni kwamba inategemea: nenda ukawaulize wavuvi wa mahali hapo. Mwenzake wa soko anatoa karatasi moja yenye dawa moja kwa nchi zote. Mwenye haraka ataichukua ipi?

Sababu ya mwisho ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa kazi ya amani. Lugha ya soko haimtaji mtu. «Gharama za usafirishaji ni kubwa» ni maneno yanayoweza kusemwa mbele ya gavana, mkuu wa polisi na mfadhili, na wote wakaitikia kwa kichwa. «Fedha ya barieri hii inakwenda kwa nani?» ni swali lenye jina la mtu ndani yake. Kuuliza juu ya taasisi ni kuuliza juu ya mamlaka, na mwenye mamlaka ndiye anayetoa ruhusa ya mkutano.

Hata sisi hatujasalimika. Fungueni ripoti zetu wenyewe: warsha ngapi, washiriki wangapi, vifaa vingapi vya kuanzishia biashara ndogo. Ni rahisi kununua mashine ya kusaga muhogo na kuipiga picha. Kukaa miezi minane na wazee wa pande mbili ili wakubaliane mpaka unapita wapi, jambo hilo halina picha.

Lubunga

Tungependa kuandika haya kama mafundisho ya kawaida, lakini kuna damu ndani yake. Februari 2023, juu ya mto kutoka Yanonge, katika Lubunga, manispaa ya Kisangani iliyo upande wa kushoto, mapigano yalizuka kati ya Wambole na Walengola. Ni majirani waliooana kwa vizazi. Chanzo kilichotajwa tangu mwanzo ni ardhi, takriban hekta 4,000, iliyokubaliwa kwa kampuni ya kilimo: upande mmoja ulionekana kuwa umeitoa, upande mwingine ukasema kwamba ni yake pia. Mapigano yalienea hadi teritwari za jirani. Watu wengi waliuawa, nyumba zikachomwa, na maelfu wakakimbilia mjini Kisangani.

Kwa macho ya soko, mwanzo wa habari hii ni mzuri: ardhi isiyo na mtaji inampata mwenye mtaji, vijana wanapata ajira, jimbo linapata kodi. Lakini ili ardhi iweze kutolewa lazima kwanza ijulikane ni ya nani. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali. Kuhusu ardhi ambayo watu wanaikalia kwa desturi, kifungu cha 389 kinasema kwamba haki zao zitapangwa kwa amri ya Rais. Mapigano ya Lubunga yalianza baada ya nusu karne, na amri hiyo ilikuwa bado haijatolewa. Chefu aliweza kuamini kwamba ardhi ni yake kuitoa, jirani yake akaamini vivyo hivyo, na ofisi ya serikali ikaamini kwamba ni ya Serikali. Wote watatu waliweza kuonyesha msingi wa maneno yao.

Ndiyo maana tunarudia: kanuni ya kuuza ilikuwepo, kanuni ya kusuluhisha ilikosekana. Pale ambapo kitu hakina thamani sokoni, utata unaweza kulala miaka mingi bila madhara. Siku thamani inapofika, utata unaamka na panga mkononi.

Wasomaji wetu wa Kenya watasema kwamba wanaijua habari hii. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uligawa hati za mtu mmoja mmoja kwa hoja kwamba mwenye hati atakopa, atawekeza, atatajirika. Hati ziliendelea kutolewa baada ya uhuru, lakini swali la nani alikuwa na haki kabla ya hati, hasa Bonde la Ufa, liliachwa likioza, na machafuko ya 2007 na 2008 yaliyoua watu zaidi ya 1,000 yalilifunua. Tanzania ilichukua njia tofauti kidogo: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliwapa halmashauri na mkutano mkuu wa kijiji usimamizi, na ikaunda baraza la ardhi la kijiji la kusuluhisha. Miaka mitano baadaye ulianza MKURABITA, mpango uliochota fikra za Mperu Hernando de Soto kwamba mali ya mnyonge ikirasimishwa itageuka mtaji. Vyombo hivyo viwili vimeishi katika nchi moja. Na kuwa na baraza kwenye karatasi hakutoshi: wakulima na wafugaji wa Kilosa walipigana Desemba 2000, mwaka mmoja tu baada ya sheria ile kupitishwa, wakafa watu 38.

Kinachowezekana mtoni

Hatuwaambii vikundi vyetu viache biashara. Vyama vya akiba, likelemba za akina mama, mashine za kusaga, mauzo ya pamoja: endeleeni navyo. Tunachoomba ni kwamba kila mradi wa soko uwe na swali lake la taasisi tangu siku ya kwanza, na swali hilo liwe na fedha yake katika bajeti, hata kama ni ndogo.

Kwa mfano, kabla ya kununua boti ya pamoja, kikundi kikae na viongozi wa sekta na kuomba orodha ya ushuru halali ibandikwe gatini, kwa Kilingala, Kiswahili na Kifaransa, pamoja na kiasi na jina la ofisi inayopokea. Orodha hiyo peke yake haiondoi barieri. Lakini mama aliyekuwa akiomba huruma anaanza kuomba risiti, na hayo ni mazungumzo mengine kabisa. Mizani ya pamoja sokoni, ikisimamiwa na kamati yenye wauzaji na wanunuzi, itapunguza ugomvi wa kichwa cha gunia. Tunajua kwamba wanunuzi watagoma mwanzoni. Anzeni na zao moja.

Kuhusu ardhi, msingoje mwekezaji. Sheria ile ile ya 1973 inadai uchunguzi wa awali juu ya watu wenye haki kabla ardhi ya vijijini haijatolewa. Pia inaweka ngazi: gavana wa jimbo hawezi kutoa zaidi ya hekta 200, na kutoka hapo jambo linapanda kwa waziri, kwa Rais, na likizidi hekta 2,000 linahitaji sheria. Wachefu wengi tunaoketi nao hawajawahi kuambiwa hivyo. Mkisikia kwamba ardhi ya jirani yenu inatolewa, ombeni ripoti ya uchunguzi huo, kwa barua, nakala kwa mashahidi, nyote mkiwa pamoja na jirani huyo. Vijiji vinavyopakana vinaweza pia kutembea mpaka wao wakiwa na wazee na vijana wa pande zote mbili, wakaandika walipokubaliana na walipotofautiana. Pale walipotofautiana paandikwe pia, pasifichwe. Na ile amri ya 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wake hadi hekta 50,000. Maombi yanadai ramani na saini za majirani, kazi ambayo yenyewe ni nusu ya upatanisho.

Tatizo moja hatuna dawa yake. Katiba ya 2006 na sheria ya 2008 zinaipa sekta hadhi ya kujitawala, pamoja na baraza la kuchaguliwa. Uchaguzi wa Desemba 2023 ulichagua madiwani wa manispaa za miji mikuu ya majimbo tu. Katika sekta za Isangi hakuna diwani aliyechaguliwa ambaye mama wa muhogo angemwendea. Kamati ya soko, baraza la wazee, wachungaji na viongozi wa akina mama wanalijaza pengo hilo kadiri wanavyoweza, bila sheria inayowalinda. Vikundi vilivyojaribu lolote kati ya haya, hasa vile vilivyoshindwa, tunaomba vituandikie. Toleo lijalo tutachapisha barua zenu, na zile za kushindwa tutazitanguliza.